Habari za Maisha ya Askofu Josiah Kibira

Mwezi huu twapenda kuwaletea habari za maisha ya marehemu Askofu Josiah Kibira, mwana wa Buhaya, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 1988. Wazee wetu wa Nyakakika na wa Karagwe nzima wamkumbuka, maana hata mwaka 1979 sharika zetu zilikuwa chini ya uangalizi wake, kabla Dayosisi ya Karagwe haijazaliwa. Lakini vijana wamesikia jina tu. Wajua kwamba alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, bali hawajui ni jambo gani lililoamuliwa katika mkutano ule ule uliomchagua.

Tumechagua habari zake kwa ajili ya swali moja ambalo walimu wa dini hutuuliza mara kwa mara. Imekuwaje Wakristo wawili, wote wamebatizwa, wote hupiga magoti na kusali, wafungue Biblia moja, na mmoja aone humo ruhusa ya kumdhulumu mwenzake, na wa pili aone katazo? Je, kosa ni la Kitabu, au ni la macho ya msomaji? Tukiyafuata maisha ya Askofu Kibira hatua kwa hatua, tutaona jibu.

KANISA ALIMOKULIA

Yatupasa kwanza kulijua kanisa lililomlea. Huko Buganda watu waliwaita Wakristo wa kwanza jina la wasomaji, maana kuamini na kusoma vilikuwa kama jambo moja. Habari hiyo ilivuka mpaka ikafika Buhaya. Kabla hajaja mmisionari yeyote wa Kilutheri, vijana Wahaya walikuwa wamekwisha kujifunza Neno kwa vitabu vya Kiganda, na mmoja wao alikuwa Andrea Kajerero. Walikusanyika wakasoma na kusali. Ndipo mwaka 1910 wakaja wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani, wakiongozwa na Ernst Johanssen, wakakuta watu wenye njaa ya Neno wakiwangojea.

Ikawa vita vya mwaka 1914 vilipotokea, kanisa lile changa lilitikiswa. Mwaka 1916 Waingereza na Wabelgiji waliingia nchi hii, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Kajerero na wenzake wakabaki kulichunga kundi wenyewe. Baada ya vita walikuja Wamethodisti wa Wesley kutoka Afrika Kusini, kisha watu wa Betheli wakarudi. Hata mwaka 1939 vita vya pili vilipoanza, Wajerumani wakakamatwa tena. Kuanzia mwaka 1942 Waswidi wakaja kulisaidia kanisa, miongoni mwao Bengt Sundkler.

Josiah Kibira alikuwa kijana wa miaka 14 vita hivyo vilipoanza. Hivyo alikua katika kanisa ambalo mara mbili lilinyang'anywa walimu wake kwa ugomvi wa mataifa ya Kikristo. Mjerumani aliyefundisha Injili aliondolewa na Mwingereza aliyeiamini Injili ile ile, na huko Ulaya kila upande ulimwomba Mungu yule yule aupe ushindi. Mtoto wa kanisa la namna hii ajua mapema kwamba mtu aweza kuishika Biblia kwa mkono mmoja na bendera kwa mkono mwingine, asitambue ni ipi inayomwongoza.

UAMSHO

Wakati wa ujana wake ulikuwa pia wakati wa uamsho. Moto ule ulianza Rwanda, ukapita Uganda, ukaingia Buhaya. Ndugu waliookoka walikutana wakaungama dhambi zao waziwazi, wakarudisha mali walizoiba, wakapatana na adui zao. Kibira, aliyekuwa mwalimu wa shule, aliguswa na uamsho huo, na alama yake haikumtoka maisha yake yote.

Twataka walimu wa dini waangalie jambo moja hapa. Katika ushirika wa uamsho hapakuwa na msomaji aliye juu ya maswali. Mtu akilieleza neno la Maandiko, ndugu waliangalia pia nyumba yake, mkewe, deni lake, na maneno aliyomtendea jirani. Mmisionari Mzungu aliketi pamoja na mkulima wa migomba, na ilipobidi aliungama mbele yake. Hivyo watu walijifunza kwamba Neno humhukumu kwanza yule alisomaye.

Walakini uamsho nao ulikuwa na hatari yake. Wako waliojiona safi kuliko wenzao, wakajitenga na kanisa. Hao nao waliisoma Biblia, wakaona ndani yake hukumu ya jirani tu. Twalisema hili tusije tukadhani kwamba ni wenye kutawala peke yao wapotoshao Maandiko. Kibira mwenyewe aliuchukua moto wa uamsho akaingia nao katika kazi ya uchungaji wa kanisa lile lile lililomzaa.

BETHELI

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kibira alipelekwa Ujerumani kusoma elimu ya dini huko Betheli, mahali penye nyumba kubwa za wagonjwa wa kifafa na wenye udhaifu wa akili. Hapo palikuwa na jeraha lililokuwa bado jipya. Mwaka 1933, Hitler aliposhika utawala, Wakristo wengi wa Ujerumani walishangilia. Likatokea kundi la Wakristo waliotaka kanisa lifuate serikali katika mambo ya damu na taifa, na wachungaji wenye asili ya Kiyahudi waondolewe kazini. Wako waliofikia kumsoma Bwana Yesu kana kwamba hakuwa Myahudi. Hao hawakuwa watu wasiojua Biblia. Wengi walikuwa wamesoma vyuo vikuu, wakajua Kiebrania na Kiyunani. Lakini walikuwa na hofu, walikuwa na uchungu wa kushindwa vita, nao walipenda taifa lao kuliko kiasi. Basi Biblia waliyoisoma ikawaambia yale waliyokwisha kuyataka.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, wanatheolojia wachache walikutana Betheli kuandika ungamo la imani la kulipinga kosa hilo. Mmoja wao alikuwa kijana Dietrich Bonhoeffer, ambaye aliuawa na watu wa Hitler mwezi wa Aprili 1945. Bonhoeffer alilikumbusha kanisa fundisho la zamani la Kilutheri, lililoandikwa katika Kanuni ya Mapatano ya mwaka 1577, sehemu ya 10. Fundisho hilo lasema kwamba yako mambo ya katikati, ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza, na makanisa yaweza kutofautiana juu yake. Lakini siku ile mtu atakapoyatumia mambo hayo kwa nguvu ili kuifunika kweli ya Injili, hayawi tena ya katikati. Hapo Mkristo hana budi kukiri, na kunyamaza kwake kumekuwa kukana.

Fundisho hili lilikuwa na nguvu katika shule na makanisa aliyoyajua Kibira huko. Miaka ishirini baadaye lilimkuta mjini Dar es Salaam.

KAZI YA UASKOFU

Alirudi nyumbani akawa mchungaji, akasoma tena Marekani, mjini Boston, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika siku hizo nchi yetu ilipata uhuru, na mwezi wa Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana yakawa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, ambalo baadaye liliitwa la Tanzania. Askofu wa kwanza wa Bukoba alikuwa Sundkler. Mwaka 1964 Kibira alishika mahali pake, akawa Mhaya wa kwanza kukikalia kiti hicho.

Mwaka 1974 alitoa kitabu kwa Kiingereza juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu. Wasomaji wetu wajua uzito wa neno ukoo katika nchi hii. Mtu wa Buhaya au wa Karagwe hajitambulishi kwa jina lake peke yake, bali kwa ukoo wake na kwa mwiko wa ukoo wake. Ukoo humlisha yatima, humzika maskini, hulinda kihamba. Tena ukoo hukataa. Humwambia mtu nani asimwoe, nani asikae naye, nani asimwamini. Wazee wetu waliijua pia njia ya kumfanya mgeni kuwa ndugu, ndiyo omukago, ambapo watu wawili walikula buni iliyotiwa damu ya mwenzake, na tangu siku hiyo kumsaliti ndugu huyo lilikuwa jambo la kutisha.

Askofu Kibira aliona kwamba kanisa haliwezi kuupuuza ukoo, wala haliwezi kuwa mtumishi wake. Ukoo waweza kutufundisha maana ya kuchukuliana mizigo. Lakini walioshiriki damu ya Kristo wamekuwa ukoo mmoja ulio mpana kuliko koo zote, na hakuna mwiko wa damu nyingine uwezao kuwaondoa mezani. Mtume Petro alilijua neno hili, hata hivyo huko Antiokia alijitenga mezani na watu wa Mataifa kwa kuwaogopa watu wa ukoo wake, naye Paulo akamkemea mbele ya wote (Gal. 2:11–14). Petro hakuwa amesahau Injili. Hofu ndiyo iliyomwongoza. Mtu asipomwelewa Petro wa siku ile hataelewa habari za Afrika Kusini.

Wala si kwamba nchi yetu haikuwa na majaribu yake. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, wahubiri wengi walikimbilia Mdo. 2 na 4, wakasema kwamba Ujamaa ndio ule waliouishi mitume. Lilikuwapo jema ndani yake, maana Maandiko kweli yanamtetea maskini. Lakini watu walipohamishwa kwa nguvu kwenda vijijini katika miaka ya 1970, wahubiri wachache walikumbuka kusoma mbele kidogo, katika Mdo. 5:4, ambapo Petro amwonyesha Anania kwamba shamba lilikuwa lake na hakuna aliyemlazimisha. Msomaji akisimama pale panapompendeza mwenye nguvu, hata neno zuri huwa nusu ya kweli.

HABARI ZA KUSINI MWA AFRIKA

Sasa twaja kwenye jambo kubwa la maisha yake. Huko Afrika Kusini, kanisa kubwa la Wazungu wenye asili ya Kiholanzi lilifanya sinodi mwaka 1857. Wazungu wengine walikuwa wakisumbuka kushiriki Meza ya Bwana pamoja na watu weusi. Sinodi ilikiri kwamba Maandiko yataka wote wakae pamoja, lakini kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu ikaruhusu ibada za mbalimbali. Twaomba msomaji alishike neno hili. Mwanzo hapakuwa na fundisho la Biblia la kuwatenga watu. Palikuwa na udhaifu uliovumiliwa. Udhaifu ukawa desturi, desturi ikawa kanisa la mbali kwa kila rangi, na tangu mwaka 1948 ikawa sheria ya serikali. Baada ya hayo ndipo waalimu wao walipoyatafuta maandiko ya kuitegemeza sheria hiyo.

Nao waliyapata, maana atafutaye hupata. Walisoma habari za Babeli (Mwa. 11), wakasema kwamba Mungu mwenyewe aliyagawanya mataifa. Walisoma Mdo. 17:26, wakashika maneno yanayotaja mipaka ya makazi, wakayapita maneno ya mwanzo wa mstari huo huo yanayofundisha asili moja ya wanadamu wote. Wengine walisoma laana ya Kanaani (Mwa. 9) kana kwamba ilikuwa juu ya watu weusi, ingawa Maandiko hayasemi hivyo hata kidogo. Tena walisoma Rum. 13 kwa wale waliodhulumiwa, wakawaamuru watii.

Makanisa ya Kilutheri huko hayakuwa safi. Wazungu wenye asili ya Kijerumani walikuwa na makanisa yao, na Waafrika yao. Wengi wa Wazungu hao walisema kwamba mambo ya rangi ni ya serikali, na kanisa limepewa Injili tu. Walitumia fundisho la Luther juu ya tawala mbili za Mungu, wa kiroho na wa kidunia, kana kwamba Luther alisema Mungu hana neno katika ule wa kidunia. Lakini Luther alifundisha kwamba zote mbili ni za Mungu, na Ungamo la Augsburg, sehemu ya 16, linapoagiza utii kwa serikali laweka mpaka wake, kwamba hapana ruhusa ya kutii katika kutenda dhambi.

Waafrika waliisoma Biblia ile ile. Mwezi wa Juni 1971 wakuu wawili wa makanisa ya Kilutheri ya Namibia, Leonard Auala na Paulus Gowaseb, walimwandikia waraka wa wazi Waziri Mkuu Vorster wa Afrika Kusini, wakimwonyesha mateso ya watu wao, na waraka huo ukasomwa makanisani. Mwezi wa Mei 1973 mtambo wa kupiga chapa wa kanisa la Auala huko Oniipa ulilipuliwa kwa baruti. Sisi tunaopokea gazeti hili kila mwezi na tuyafikiri mambo hayo. Kuna watu walioogopa karatasi za kanisa kuliko silaha.

DAR ES SALAAM, 1977

Mkutano Mkuu wa sita wa Fungamano ulifanyika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1977, na ulikuwa wa kwanza katika Afrika. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu wanafunzi wa Soweto walipopigwa risasi, tarehe 16 Juni 1976. Wajumbe wa Kusini walikuja na huzuni hiyo mioyoni, miongoni mwao Manas Buthelezi, mwanatheolojia wa Afrika Kusini.

Swali lililowekwa mbele ya mkutano lilikuwa gumu. Je, utengano wa rangi ni jambo la siasa, ambalo Wakristo waaminifu waweza kulitofautiana, au ni jambo la imani yenyewe? Wajumbe walikiri kwamba kwa kawaida Wakristo waweza kuwa na maoni mbalimbali katika siasa. Lakini waliona kwamba siasa yaweza kupotoka kiasi cha kuifanya imani iwe uongo. Watu waliobatizwa ubatizo mmoja wakikatazwa kukaa meza moja kwa ajili ya rangi, basi kinachokataliwa ni ubatizo wenyewe. Kwa hiyo mkutano ulitangaza kwamba jambo hili limekuwa la ukiri wa imani, ukayataka makanisa ya Wazungu ya Kusini yaukatae utengano wa rangi waziwazi. Hili ndilo fundisho la mwaka 1577 na la Betheli ya mwaka 1933, nalo sasa lilisemwa katika ardhi ya Afrika.

Mkutano huo huo ulimchagua Askofu Kibira kuwa Rais, mahali pa Mikko Juva wa Finland. Wako waliodhani kwamba alichaguliwa kwa heshima ya nchi mwenyeji. Sisi twaona zaidi. Mtu aliyelelewa na kanisa lililonyang'anywa wachungaji kwa vita vya Wazungu, aliyejifunza katika uamsho kwamba msomaji naye husomwa na Neno, aliyesoma Betheli, tena aliyeandika juu ya ukoo na meza ya Kristo, alikuwa ameandaliwa kuubeba mzigo huo.

VITA NYUMBANI

Urais haukumwondoa katika shida za watu wake. Mwisho wa mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaitwaa nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Watu waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, nyumba na makanisa yakaharibiwa, na daraja la Kyaka likavunjwa. Sisi wa Karagwe twaijua Kyaka, maana ndiyo njia yetu ya kwenda Bukoba. Mwaka uliofuata majeshi yetu yalimwondoa Amin, na mwaka huo huo wa 1979 Dayosisi ya Karagwe ikatengwa na ile ya Kaskazini Magharibi. Basi huyo aliyekuwa akisimamia makanisa ya dunia alikuwa na wakimbizi wake mwenyewe wa kuwafariji.

BUDAPEST, NA MWISHO WAKE

Alimaliza urais katika Mkutano Mkuu wa Budapest, nchini Hungaria, mwaka 1984. Miaka saba ilikuwa imepita, na makanisa mawili ya Wazungu ya Kusini yalikuwa hayajaukataa utengano kama yalivyotakiwa. Moja lilikuwa la Cape, na la pili la Wajerumani wa Namibia. Mkutano ukayasimamisha uanachama. Lilikuwa neno zito, lakini halikuwafukuza katika neema. Mlango uliachwa wazi wa kurudi, na mwaka 1991 kusimamishwa huko kuliondolewa. Mwaka 1994 watu wote wa Afrika Kusini walipiga kura pamoja kwa mara ya kwanza.

Liko jambo la pili la Budapest, nalo husahauliwa. Mkutano ulimchagua Askofu Zoltán Káldy wa Hungaria kuwa Rais baada ya Kibira. Yeye alikuwa amefundisha theolojia ya utumishi, kwamba kanisa limeitwa kulitumikia taifa kama Kristo alivyotumika. Ni fundisho zuri tukilisikia hivyo tu. Lakini Hungaria wakati huo ilitawaliwa na Wakomunisti, na mchungaji mmoja wa nchi hiyo aliandika waraka wa kulalamika kwamba utumishi huo ulikuwa umegeuka utii kwa serikali, na kwamba wachungaji wasioufuata walisumbuliwa. Tazameni, ndugu. Mkutano uliowahukumu waliosoma Biblia kwa macho ya rangi ulikutana katika nchi ambapo wengine walishtakiwa kwa kuisoma kwa macho ya chama. Kuliona kosa la mbali hakumfanyi mtu awe salama na la karibu.

Nguvu za Askofu Kibira zilikuwa zimepungua kwa ugonjwa. Aliiacha kazi ya uaskofu, akafariki mwaka 1988, akiwa na miaka 62. Hakuiona Namibia ikipata uhuru mwaka 1990, wala hakuiona Afrika Kusini ikifunguliwa.

MAFUNDISHO KWETU

Tungeweza kuishia hapa tukimsifu marehemu. Lakini yatupasa kuungama neno letu wenyewe. Mwaka 2013 serikali iliwaagiza watu walioingia mkoani mwetu bila kibali watoke, na maelfu waliondoka, wengi wao wakielekea Rwanda. Serikali ina haki ya kulinda mipaka, wala hatubishani na hilo. Lakini miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu waliokaa kwetu miaka mingi, waliobatizwa kwetu, waliowaoza watoto wao kwetu. Jumapili ile tulihubiri Rum. 13. Tulisema yote kwa ufasaha, na watu wakaitikia. Hatukusoma Law. 19:34, penye agizo la kumpenda mgeni akaaye nasi kama nafsi zetu. Tulijua kwamba mstari huo upo. Tuliogopa.

Baada ya ibada alitujia mama mmoja mzee, asiyesoma ila kwa shida. Jirani yake, aliyekuwa akipokea pamoja naye Chakula cha Bwana, alikuwa ameondoka na watoto, na kahawa yake ilikuwa bado mkekani ikikauka. Mama yule hakutulaumu. Alituuliza kwa upole kama Ruthu Mmoabi angeokota masuke katika shamba la Nyakakika. Hatukuwa na jibu. Tukajua kwamba sisi nasi ni jamaa ya Petro wa Antiokia, tena ni jamaa ya sinodi ile ya mwaka 1857, iliyoijua kweli ikauruhusu udhaifu.

Basi walimu wa dini, twawasihi mambo matatu, kama tulivyoyaona katika maisha haya. La kwanza, ukitayarisha hubiri lako, jiulize ni andiko gani unaloliogopa wiki hii, ulisome hilo pia. Rum. 13 na Ufu. 13 zimo katika Agano moja. Ya kwanza yaonyesha serikali iliyo mtumishi wa Mungu, ya pili yaonyesha utawala uliogeuka mnyama. La pili, usisome peke yako. Soma pamoja na wale ambao neno lako litawagusa, maskini, mgeni, mjane, mtu wa ukoo mwingine, nao wapewe ruhusa ya kukuuliza. La tatu, pima kila tafsiri mezani pa Bwana. Tafsiri yoyote inayomwondoa mbatizwa mezani kwa ajili ya damu yake, kabila lake au chama chake, hiyo haikutoka kwa Kristo aliyekibomoa kiambaza (Efe. 2:14), hata kama imepambwa kwa mistari mia.

Hatuwezi kuisoma Biblia pasipo macho, na macho yetu yamefundishwa na ukoo, na nchi, na hofu zetu. Hilo si dhambi. Dhambi ni kukataa macho hayo yasioshwe. Askofu Kibira alikubali yake yaoshwe, mara nyingi na kwa mikono ya watu wengi, naye Mungu akamtumia.

Bwana atupe neema ya kuwa wasomaji kweli, kama walivyoitwa wale wa kwanza. Amina.